Jiko la kisasa Lubumbashi: maswali tunayoulizwa zaidi kuhusu mitindo, vifaa na umaliziaji

Tunatengeneza na kufunga majiko ya nyumbani hapa Lubumbashi, kuanzia Golf na Bel-Air hadi Katuba na Ruashi. Watu wengi hufika karakanani na picha kwenye simu, jiko zuri lililopigwa picha Milano au Dubai, na swali moja tu: "Fundi, hii unaiweza?" Mara nyingi tunaiweza. Kazi ni kujua kama jiko hilo litavumilia bukari ya kila siku, mafuta ya mawese, vumbi la Julai na umeme unaokatika sufuria ikiwa bado motoni. Majibu ya hapa chini tumeyaandika tukiangalia upande huo.

Kwa kifupi, mtindo wa sasa ni upi?

Jiko jeupe linalong'aa na lile la kijivu, yaliyotawala miaka mingi, yamerudi nyuma. Zilizoingia ni rangi za udongo, kahawia, kijani kilichopooza na mbao zinazoonyesha nyuzi zake. Pantone, kampuni ya Marekani inayoratibu rangi, ilichagua kahawia inayoitwa Mocha Mousse kuwa rangi ya mwaka 2025. Milango ya kabati haina vishikio na haing'ai. Jiwe la meza ya kazi linapandishwa ukutani likiwa kipande kimoja. Friji na mashine nyingine zinafichwa nyuma ya milango.

Mengi ya hayo huonekana kwanza EuroCucina, maonyesho ya majiko yanayofanyika Milano kila baada ya miaka miwili. Viwanda vya China, hasa vya Foshan, huyachukua, kisha mzigo unafika kwetu kwa barabara kutoka bandari ya Dar es Salaam au ya Durban, na kuingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Kwa hiyo kinachouzwa mjini leo kama kitu kipya, mara nyingi Ulaya wamekizoea tayari. Sisi hatuoni ubaya: kikifika hapa, kasoro zake zinajulikana.

Mke wangu anataka jiko la wazi la Kimarekani. Mama anasema moshi utaingia kwenye makochi. Tumsikilize nani?

Wote wawili. Mama anasema kweli: samaki wa chumvi akikaangwa kwenye jiko lisilo na ukuta, harufu inalala sebuleni, na mapazia yanaibeba wiki nzima. Mke naye ana haki ya kutotaka kufungiwa nyuma ya nyumba huku wageni wanacheka bila yeye.

Tunachojenga zaidi ni majiko mawili. La ndani liko wazi na linaonekana: chai, mayai, kupasha chakula, kupakua, friji, meza ambayo watoto wanafanyia kazi za shule. La pili liko nyuma, lina mlango wake, na ndilo la bukari, sombe, maharagwe na samaki. Afrika Kusini nyumba mpya za mjini zina chumba cha namna hiyo nyuma ya jiko kuu, na magazeti ya usanifu yanakiandika kama uvumbuzi. Hapa kwetu, nyumba za zamani zilizojengwa na Wabelgiji zilikuwa na boyeri, yaani kijumba cha mtumishi, na sehemu ya kupikia uani, na parseli za mitaa yetu ya Kenya na Kamalondo hazijawahi kuacha kupikia nje. Kilichobadilika ni kwamba sasa jiko la nyuma linastahili makaro, maji na taa sawasawa na la ndani. Lisibaki kibanda cha mabati cha kumfichia dada anayepika.

Mita 2 kwa 2,5 zinatosha. Jenga ukuta wa tofali hadi urefu wa mita moja, juu yake acha wazi na weka nondo za usalama, na paa lipite ukuta kwa sentimita 60 hivi ili mvua za Januari zisiingie. Kama mtapikia makala, jenga kitako cha tofali za kuchoma na bomba la moshi linalopita juu ya paa.

Na hili hatulijadili na mteja yeyote: mbabula haiingii ndani ya jiko lililofungwa, hata kama makala "yameshashika". Makala yasiyotoa moshi bado yanatoa monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu wala rangi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kuni, makala na mafuta ya taa, ilihusika na vifo milioni 3,2 katika mwaka 2020.

Meza ya kazi iwe na urefu gani?

Vitabu vinasema sentimita 90. Kwa kukata mboga ni sawa: simama wima, kunja kiwiko, pima kutoka sakafuni hadi kiwikoni, toa sentimita 10 hadi 15. Mtu wa mita 1,60 anapata karibu 85 hadi 90.

Bukari ina hesabu yake. Weka jiko la umeme juu ya meza ya sentimita 90, kisha sufuria ya familia yenye kina cha sentimita 25: ukingo wa sufuria umefika kifuani. Sasa jaribu kugeuza unga mzito kwa mwiko. Mabega yanapanda, viwiko vinakwenda nje, na nguvu yote inatoka shingoni. Mama zetu wanapikia chini kwa sababu uzito wa mwili mzima unashuka kwenye mwiko. Kwa hiyo kila tunapoweza tunashusha sehemu ya moto: sentimita 45 hadi 60 kwa sufuria kubwa, iwe jikoni ndani au nyuma. Kwenye picha za Milano hutaiona. Mpishi ataiona siku ya kwanza.

Graniti, marumaru, kwatzi au makaro: tuchague nini juu ya meza?

Kwa nyumba nyingi za hapa tunapendekeza graniti nyeusi au ya rangi nzito. Ni ngumu, haiogopi sufuria ya moto, haiogopi ndimu, na mawese yakimwagika yanafutika. Graniti nyepesi, ile ya kijivu cheupe au ya njano, hunywa mafuta: tone la mawese likilala usiku kucha linaacha duara la rangi ya chungwa ambalo sabuni hailitoi. Dawa yake ni kupaka kizuia-maji na kurudia kila baada ya muda. Kujua kama muda umefika, mwaga matone ya maji juu ya jiwe, ngoja dakika chache. Jiwe likigeuka jeusi chini ya tone, paka tena.

Marumaru ni jiwe la chokaa, na chokaa haipatani na tindikali. Ndimu, siki na nyanya vinaila, vinaacha alama zisizong'aa ambazo huwezi kuzisugua. Nzuri kwa bafu au meza ya sebuleni. Shida ni kwamba wauzaji wengine huita kila jiwe marumaru, kwa hiyo omba kipande cha mabaki, kamulia ndimu, rudi baada ya robo saa. Kama ulipodondosha pamefifia, umejua unachouziwa.

Kwatzi ya kiwandani hutengenezwa kwa unga wa jiwe uliogandishwa kwa gundi ya plastiki. Haina vinyweleo, haihitaji kupakwa chochote, rangi zake ni sawa kutoka kipande hadi kipande. Lakini ile gundi huanza kuharibika kwenye nyuzi joto 150 hivi, na sufuria iliyotoka motoni inazidi hapo kwa mbali. Jingine linawahusu mafundi: kuikata kavu kunatoa vumbi la silika linalofunga mapafu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauponi. Australia ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku mawe hayo, tarehe 1 Julai 2024. Graniti nayo ina silika, ila chache kuliko kwatzi ya kiwandani. Ukiona fundi anakata jiwe lako uani bila maji na bila maski, msimamishe, hata kama anakuambia amezoea.

Mabamba ya kauri yaliyochomwa kwa joto kali sana ndiyo mtindo mpya kabisa. Hayadhuriki kwa moto wala ndimu. Ni membamba, na kingo zake zinavunjika fundi asipokuwa na vifaa vyake; kwa sasa tungeyaweka ukutani tu.

Makaro juu ya zege ni suluhisho la bei nafuu na hatulidharau. Udhaifu uko kwenye viungo. Chagua makaro makubwa ili viungo viwe vichache, na usitumie simenti nyeupe kuvijaza. Baada ya mwezi mmoja wa mawese itakuwa ya njano, na hakuna Javel itakayoirudisha. Kijivu cha kati, au jointi ya epoksi kama mfuko unaruhusu.

Tunaishi kwenye mji wa shaba. Mbona hatuioni jikoni?

Swali tunalolipenda. Shaba inaondoka hapa kwa malori ikiwa mabamba ya kathodi, nasi tunaisubiri irudi ndani ya nyaya za umeme. Wakati huohuo Ulaya na Marekani shaba imerudi kwenye mitindo: vifuniko vya kofia za moshi (mashine zinazovuta moshi juu ya moto), masinki, robine, ukuta wa nyuma ya jiko.

Mafundi wa shaba ya kufuliwa tunao. Ni wale wanaotengeneza picha za ukutani za kugongwa kwa nyundo, za wanawake wanaotwanga na za wavuvi, ambazo wageni hununua kabla ya kupanda ndege. Mpe mmoja wao vipimo vya kofia ya moshi badala ya picha ya mvuvi. Bamba analigonga kidogo kidogo juu ya lami au mbao, na kila baada ya muda analipasha moto na kuliacha lilainike, maana shaba inayogongwa bila kupashwa inakuwa ngumu na kupasuka. Kinachotoka hakifanani na kitu chochote kilichoko dukani, na alama za nyundo zinaficha mikwaruzo.

Shaba pia inaua bakteria. Mwaka 2008 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilikubali rasmi aloi za shaba zisajiliwe kama nyuso zinazoua vijidudu, na madai yaliyokubaliwa ni ya kipindi cha saa mbili. Hiyo haikuondolei sabuni, na haifanyi kazi ukipaka vanishi juu yake.

Ujue pia tabia yake. Shaba isiyopakwa kitu itageuka kahawia, na penye unyevu itaota kijani. Ndimu na chumvi zinairudishia mng'ao kwa dakika moja, kisha kahawia inarudi. Kama hali hiyo itakukera, paka vanishi au achana nayo. Na usiache nyanya, siki au maziwa ya mgando yakae ndani ya chombo cha shaba isiyopakwa bati: tindikali inayeyusha shaba na kuiingiza kwenye chakula. Ukutani na kwenye kofia ya moshi, karibu sana. Kwenye sinki, sawa kwa mwenye subira. Kwenye sufuria, pakwe bati ndani.

Na malakiti?

Weka kwenye rafu au kama vipande vidogo kwenye ukuta wa mapambo. Ni jiwe laini, lina shaba ndani yake, na ndimu inaliharibu kama inavyoharibu marumaru. Vumbi lake wakati wa kukata ni sumu. Meza ya kazi ya malakiti hatutengenezi.

Kabati za ndani zitengenezwe kwa nini? Za MDF, ule ubao wa unga wa mbao na gundi, zimetuvimbia.

Zinavimba zote, ni swali la lini. Nenda nyumbani kwako sasa, fungua mlango wa chini ya sinki, pitisha kidole kwenye ukingo wa chini wa ubao, ule usioonekana. Kama pana mkunjo mdogo kama mdomo uliofura, maji yameingia. Yaliingia kwa sababu ukingo ule haukufungwa: fundi alibandika ukanda mbele panapoonekana, chini na nyuma akaacha unga wa mbao uchi. Ubao wa melamini au MDF unaofungwa pande zote nne huishi miaka mingi. Usiofungwa hauna maisha marefu.

Adui wa pili ni mchwa. Tunaishi kwenye nchi ya vichuguu virefu kuliko nyumba, ambavyo udongo wake tumeufanya tofali tangu zamani; wadudu wenyewe hawajaondoka. Kabati isiguse sakafu. Tunaweka miguu ya plastiki au ya alumini ya sentimita 10 hadi 15, na ubao wa mbele wa kuficha miguu unavutwa na kutoka, ili mwenye nyumba achungulie kila mwezi kama kuna njia ya udongo inapanda.

Chini ya sinki na jikoni nyuma tunapendekeza alumini au kabati ya tofali na zege iliyopigwa makaro ndani na kuwekewa milango ya alumini. Watu wanaona alumini ni ya ofisi, lakini siku hizi inapatikana yenye rangi ya mbao na isiyong'aa, na haiogopi maji wala mchwa. Sehemu kavu, yaani kabati za juu, weka melamini nzuri au mbao za tabaka za kuzuia maji. Hakuna sheria inayosema jiko zima litoke kwenye ubao mmoja.

Kuhusu harufu kali ya kabati mpya: ni formaldehidi kutoka kwenye gundi. Dai ubao wenye alama ya E1, unaotoa formaldehidi kidogo, na uache madirisha wazi wiki za kwanza.

Tunaweza kupata milango ya mukula?

Mukula ni mti mwekundu wa kuvutia, na uvutio huo ndio uliouponza: umekatwa kwa fujo Katanga na Zambia kwa ajili ya soko la China. Tangu 2019 upo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, maana yake kuuvusha mpaka kunahitaji vibali. Kwa milango sisi tunatumia mulombwa, ambao hautanuki wala kusinyaa sana majira yakibadilika. Na usikubali mbao mbichi. Ubao uliopasuliwa mvua ya Machi ukafungwa Aprili utapinda kufikia Agosti, hewa ikikauka.

Nyuso zinazong'aa au zisizong'aa?

Inayong'aa inaonyesha alama za vidole na mikwaruzo, lakini inafutika kwa mkono mmoja. Isiyong'aa inaficha vidole na kushika mafuta, hasa pembeni ya moto. Tunachanganya: isiyong'aa kwa kabati za juu na zile za mbali, nusu-mng'ao karibu na moto. Nyeusi isiyong'aa tunaikataa wazi: kuanzia Juni hadi Septemba, vumbi jekundu likitua juu yake linaonekana kutoka mlangoni. Kahawia na rangi za udongo zilizo kwenye mtindo sasa zinatufaa kwa sababu hiyohiyo isiyo ya kishairi.

Rafu za wazi, zile zenye sahani zilizopangwa vizuri? Kwa kiangazi cha hapa utaosha sahani kabla ya kula na baada ya kula.

Nyumba yetu ni ya zamani, ina sakafu ya granito. Tuifunike kwa makaro?

Tafadhali msifanye hivyo. Sakafu zile za vipande vya marumaru vilivyokaa ndani ya simenti na kusagwa hadi zikang'aa zimerudi kwenye mitindo duniani kote, na watu wanalipa pesa nyingi kuiga kitu mnachokanyaga bure. Kwa kawaida kilichoharibika ni milimita ya juu. Fundi mwenye mashine ya kusaga na pedi za almasi anaifufua, kisha anapaka kizuia-maji. Mkishaisafisha, siki, ndimu na asidi za kusafishia choo zikae mbali.

Hata ile sakafu nyekundu ya simenti iliyosuguliwa kwa nta ina heshima yake. Inateleza ikilowa, basi. Weka mkeka wa mpira mbele ya sinki.

Tukinunua makaro tuangalie nini?

Soma boksi kabla ya kuangalia rangi. Tafuta kiwango cha kunyonya maji: kisichozidi asilimia 0,5 ni pozelini halisi, kinafaa hata jikoni nyuma. Kwa sakafu angalia pia daraja la utelezi, R10 au zaidi. R9 ni kwa chumba kikavu. Halafu kila boksi lina namba ya toni na ya kipimo. Zote zilingane, la sivyo nusu ya sakafu itakuwa na rangi tofauti kidogo na nusu nyingine, na utaliona hilo saa kumi jioni jua likiingia. Nunua asilimia 10 zaidi na uhifadhi mabaki, kwa sababu mwaka ujao duka halitakuwa nayo.

Sinki za inoksi zinafanana zote, kwa nini bei ni tofauti hivyo?

Zinafanana dukani tu. Nzuri ina alama ya 304, yenye kromi 18 na nikeli 8 hadi 10 kwa mia. Watu huja na sumaku: ikinata, si 304. Mara nyingi ni kweli, lakini kuna daraja la 201 ambalo halinati pia na linapata kutu. Ongeza kipimo cha sikio. Gonga kitako kwa kifundo cha kidole. Bati jembamba linalia kama debe. La milimita 0,8 hadi 1 linatoa sauti fupi, nzito.

Kinachoua sinki nyingi ni Javel. Ukiilaza usiku kucha kwenye inoksi, klorini inatoboa vishimo vidogo vya kutu ambavyo watu hudhani ni ubovu wa kiwandani. Chagua bakuli moja kubwa na lenye kina, kwa sababu sufuria ya bukari haiingii kwenye mabakuli mawili madogo ya picha.

Jiko la induksheni linafaa hapa?

Ni zuri: linachemsha haraka, halipashi chumba, na linafutika kwa kitambaa. Hesabu kwanza. Jiko la macho manne linaweza kuvuta wati 7.000, kwa volti 220 ni ampea 32 hivi. Linahitaji waya wake wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye sanduku la fyuzi. Kuunga kwenye soketi ya friji ni kutafuta moto. Pili, umeme wa SNEL ukishuka, majiko mengi ya aina hii yanazima yenyewe. Jiko la waya la kawaida linaendelea, lakini likipokea volti 160 badala ya 220 linatoa karibu nusu tu ya joto lake, ndiyo maana maharagwe ya jioni hayaivi. Tatu, sufuria zetu za alumini ya kuyeyushwa hazifanyi kazi juu yake. Linataka kitako kinachoshika sumaku. Na kioo chake hakikutengenezwa kwa mtu anayegeuza bukari kwa mikono miwili.

Mpangilio unaofanya kazi: macho mawili ya induksheni au ya umeme wa kawaida, macho mawili ya gesi, na moto wa nyuma. Delestaji ikija unahamia upande wa pili bila kelele. Chupa ya gesi ikae nje ya ukuta, kivulini, bomba lipite ukutani ndani ya ala. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini, kwa hiyo tundu la hewa liwe karibu na sakafu. Pima maungio kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Kofia ya moshi ni ya lazima?

Kwenye jiko la ndani la wazi, ndiyo, na itoe hewa nje kwa bomba. Zile zinazochuja kwa makaa na kurudisha hewa hupunguza harufu kiasi. Mvuke na joto vinabaki palepale. Kwa ukubwa, chukua urefu mara upana mara kimo cha chumba, zidisha kwa 10 hadi 12. Jiko la mita 3 kwa 4 lenye kimo cha 2,8 linataka mita za ujazo 340 hadi 400 kwa saa. Kichujio cha mafuta kioshwe kila mwezi kwa maji ya moto na sabuni. Kofia inayodondosha mafuta kwenye chakula ni kofia isiyooshwa.

Taa?

Ukanda wa LED chini ya kabati za juu, karibu na ukingo wa mbele ili kivuli chako kisianguke kwenye kisu. Mwanga mweupe wa Kelvini 4.000 pa kukatia, wa njano wa 2.700 hadi 3.000 pa kulia. Chagua za volti 12, zinaungwa moja kwa moja kwenye betri ya sola umeme ukiondoka.

Kisiwa cha katikati kinawezekana kwenye jiko la mita 3 kwa 3?

Hapana. Kinahitaji njia ya angalau sentimita 90 kila upande, na mlango wa oveni ufunguke. Weka meza yenye magurudumu.

Jiko letu ni dogo sana. Mtindo unatuhusu kweli?

Jiko lililobadilisha ubunifu wote wa karne iliyopita lilikuwa dogo. Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu wa kike kutoka Austria, alilichora mwaka 1926 kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi za Frankfurt: mita 1,9 kwa 3,4. Alipima hatua za mpishi, akaweka kila kitu mahali mkono unapofika, na karibu majiko 10.000 ya aina hiyo yakafungwa. Kila kitu kinachoitwa jiko la kisasa kinatoka humo.

Kwa jiko dogo tunafanya droo badala ya milango chini, kwa sababu droo inakuletea sufuria mkononi wakati mlango unakupigisha magoti. Kabati za juu zifike darini, pasibaki jukwaa la vumbi. Unga usiende kwenye kabati: gunia la kilo 25 lina kona yake, juu ya kitako cha sentimita 10, karibu na mlango wa nyuma. Wasanifu wa picha za simu hawajawahi kununua unga kwa gunia.

Pesa hazitoshi kwa vyote. Tuanze na kipi?

Maji, nyaya na njia ya moshi kabla ya kitu chochote chenye rangi. Bomba la kutolea maji liwe la milimita 50, na mteremko. Kama maji ya Regideso hayafiki kila siku, tenga sasa nafasi ya tangi na bomba lake, kwani kulipitisha baadaye ni kuvunja makaro. Kisha meza ya kazi, halafu bawaba na reli za droo. Milango ya kabati iwe ya mwisho. Pazia zuri la kitambaa chini ya zege linaweza kukusubirisha mwaka mzima, na milango hubadilishwa kwa siku moja mtindo ukipita.

Tunapanga, nyumba si yetu. Tunaweza kufanya nini bila kumjengea mwenye nyumba?

Nunua vitu vinavyosimama vyenyewe: kabati za alumini zenye miguu, meza ya inoksi kama ya mikahawa, rafu ya kuegemea ukuta. Karatasi za vinili za kubandika hufunika makaro mabaya na kutoka kwa kupashwa na kikausha nywele, mradi usizibandike karibu na moto. Robine unaweza kubadilisha. Ile ya zamani ifunge kwenye mfuko, uirudishe siku ya kuhama.

Kama unataka kuweka kitu kinachobaki, tuseme sinki au graniti, zungumza na mwenye nyumba kabla fundi hajafungua sanduku la vifaa. Wengi hukubali kukata gharama kwenye kodi. Andikeni kwenye karatasi kiasi, miezi na kitu chenyewe, msaini wote wawili, na risiti za duka zikae kwako. Piga picha za jiko lilivyokuwa, kila ukuta, na ndani ya kabati pia, kwa sababu siku ya kudai garanti yako, pesa ya dhamana uliyomwekea, mtabishana juu ya ufa uliokuwepo kabla hujaingia.